Kozi Aliruka Kabla ya Kiswahili

Saa nne asubuhi kuku amewatoa vifaranga wake nyuma ya jiko, anachakura jalala na kuwaita kila anapofukua mchwa. Ghafla anaacha kuchakura. Anainamisha kichwa upande, jicho moja likielekea juu, kisha anatoa ile sauti ndefu ya kukwaruza ambayo hata mtoto wa miaka mitatu ameshaijua maana yake. Vifaranga wanatawanyika: wengine wanaingia chini ya mbawa za mama yao, wengine chini ya kinu kilicholazwa, mmoja anabaki katikati ya uwanja amepigwa na butwaa. Kivuli kinapita juu ya paa. Mwenye nyumba anatoka mbio na mwiko mkononi, anagonga sufuria na kupiga ukelele, "Mwewe! Mwewe!" Mara nyingi ukelele hufika kifaranga ameshakwenda.

Vita hivi vina mbinu zake. Wako wafugaji wa Kenya na Tanzania wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau au ya waridi, kwa hoja kwamba mwewe akiona kitu asichokijua hatathubutu kukishukia. Vina pia hadithi yake, inayosimuliwa katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Zamani mwewe na kuku walikuwa marafiki wa kuazimana vitu. Kuku akaazima sindano ya mwewe (wengine husema ulikuwa wembe), akaipoteza. Mwewe akamwambia: itafute, na mpaka utakapoiona nitakuwa najilipa kwa watoto wako. Ndiyo maana kuku anachakura hadi leo.

Yule mama mwenye mwiko hakupiga kelele za "ndege!" Alitaja jina la mhusika. Kwa muda mrefu hivyo ndivyo Kiswahili kilivyowashughulikia ndege wenye makucha makali na midomo iliyopinda: mmoja mmoja, kila mtu na kesi yake. Mwewe ni mwizi wa vifaranga. Furukombe huwachota samaki juu ya maji. Tumbusi hungoja mzoga. Kipanga na kozi huwavamia ndege wenzao angani. Bundi ana zamu ya usiku, na akitua juu ya paa watu hukosa usingizi. Pungu na tai ndio wakubwa wa anga. Neno la kuwakusanya wote, ndege mbuai, lina makazi yake zaidi vitabuni na darasani. Nyuma ya jiko halisikiki.

Lugha nyingine ziliwakusanya, na majina ziliyowapa ni kama hati ya mashitaka. Waroma walikuwa na neno raptor, kutoka kitenzi rapere, yaani kunyakua. Kwao raptor alikuwa binadamu kwanza: mporaji wa mali, au mtu anayemteka mwanamke na kumkimbiza. Karne ya 19 wanazuolojia wa Ulaya wakalitwaa neno hilo kwa ndege wanaokamata kwa miguu, na mwaka 1924 Mmarekani Henry Fairfield Osborn akalipachika kwa dinosaria mdogo aliyefukuliwa Mongolia, akamwita Velociraptor, mnyakuzi mwenye mbio. Mkenya akisikia "mnyakuzi" hafikirii ndege wala dinosaria. Tangu miaka ya mapambano ya Wangari Maathai kuutetea msitu wa Karura hadi ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 kuhusu ardhi ya umma, mnyakuzi amekuwa mtu mwenye suti na hatimiliki. Kiswahili cha Kenya kimepita njia ya Waroma kwa kuanzia upande wa pili: kitenzi kinachomfaa mwewe kimemfikia mtu.

Waarabu nao waliangalia kidonda. Wanyama na ndege wa kuwindia huitwa jawarih, neno linalopatikana katika aya ya nne ya sura ya Al-Maida, inayohusu mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa. Mzizi wake ni uleule uliowapa Waswahili jeraha, kujeruhi na majeruhi. Kwa hiyo anayesoma taarifa ya ajali ya basi gazetini, abiria kadhaa wakiwa majeruhi, anasoma neno ambalo ni ndugu wa damu wa jina la Kiarabu la kozi na tai. Wafasiri wa Qur'ani huongeza kwamba mzizi huo una maana ya kuchuma pia, kwa kuwa ndege huyo humchumia bwana wake kitoweo.

Waswahili walilipokea jeraha wakaliacha jawarih. Hapo ndipo penye kisa.

Pwani ya Afrika Mashariki imefanya biashara na Oman, Hadhramaut na Uajemi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kila jahazi lilishusha maneno pamoja na tende. Wenyeji wa nchi hizo ni mabingwa wa kuwinda kwa ndege, na wana msamiati mnene wa kazi hiyo: saqr kwa ndege wa kuwindia, shahin kwa yule mwepesi kuliko wote, neno la Kiajemi linalotokana na shah, mfalme. Desturi yenyewe iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2010. Hata hivyo saqr na shahin hawakupata makazi katika Kiswahili cha kila siku kama walivyopata sahani na kitabu. Mtu hukopa jina la kitu asichokuwa nacho. Ndege huyu alikuwepo, na jina lake lilikuwepo: kozi.

Kozi ni neno kongwe kuliko Kiswahili. Ushahidi wake uko mbali sana na Lamu, huko KwaZulu-Natal. Wazulu na Waxhosa humwita tai ukhozi. Mtu asiyejua historia ya lugha anaweza kusema ni bahati tu, maneno mawili yamegongana njiani. Lakini wataalamu wa lugha za Kibantu, tangu Mjerumani Carl Meinhof alipochapisha utafiti wake wa sauti za lugha hizo mwaka 1899, wamefundisha kwamba sauti hubadilika kwa utaratibu, na utaratibu huo unaweza kukaguliwa. Chukua ziwa. Kwa Kizulu kidimbwi kirefu cha maji ni isiziba: z kwa z. Chukua -kuu, kama katika mji mkuu. Kwa Kizulu ni -khulu: k ya Kiswahili ni kh ya Kizulu. Chukua kua, kuongezeka kimo. Kwa Kizulu ni ukukhula. Sasa weka kozi kando ya ukhozi. Hakuna kinachogongana, mlango na fremu vimetoka kwa fundi mmoja.

Maana yake ni kwamba neno hilo lilikuwa midomoni mwa watu kabla wazee wa Waswahili na wazee wa Wazulu hawajaachana njia. Kiswahili kilianza kujipambanua pwani kuelekea mwisho wa milenia ya kwanza. Kufika hapo, jina la kozi lilikuwa limeshatamkwa vizazi na vizazi.

Kilichobadilika safarini ni mwili wa ndege. Kozi wa pwani ni ndege wa wastani, mbawa ndefu zilizochongoka, hodari wa kumpiga njiwa angani akiwa katika mbio. Ukhozi wa Kizulu ni tai mzima, wa kubeba pimbi na ndama wa swala. Huenda walioondoka kwenda kusini walibeba jina na kumvika ndege mkubwa waliyemkuta kwenye majabali. Waliobaki kaskazini wakamwachia mwenye kasi. Leo jina hilo husikika kila asubuhi katika redio za Afrika Kusini, maana Ukhozi FM ya Durban, inayotangaza kwa Kizulu, ndiyo redio yenye wasikilizaji wengi kuliko zote nchini humo.

Pwani, heshima ya kozi imehifadhiwa katika methali ambayo mmisionari William Taylor aliiweka katika mkusanyo wake wa methali za Mombasa mwaka 1891: kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Ndege hodari kama yule akilala njaa, ametaka mwenyewe. Methali hiyo hupigwa kwa fundi mwenye mkono mzuri anayeshinda barazani, na kwa msichana mwenye akili anayerudi na alama za chini. Haiwezi kupigwa kwa mwewe. Mwewe hutukanwa, kozi husifiwa, ingawa kifaranga hawezi kueleza tofauti yao.

Ndugu wa rika wa kozi ni pungu. Naye ni mzee wa ukoo. Waganda humwita tai empungu. Wanyanja na Wachewa husema mphungu. Washona wana chapungu, na hapo jina limemkaa ndege mmoja maalumu: tai mweusi mwenye uso na miguu myekundu na mkia mfupi kiasi kwamba akiruka miguu huchungulia nyuma yake. Akiwa angani huyumba kushoto na kulia kama mtu anayetembea juu ya kamba. Mfaransa François Levaillant, aliyezunguka nchi ya Rasi miaka ya 1780, alimwita bateleur, mwanasarakasi wa mitaani, na jina hilo ndilo wazungu wanalotumia hadi leo.

Anayemwona ndege huyo kwa mara ya kwanza anaweza kuapa kwamba pungu ni aliyepunguzwa: mkia umepungua, jina limekuja. Ni kisa kizuri cha kusimulia barazani, ila majirani wanakikataa. Empungu wa Waganda na mphungu wa Wanyanja ni majina ya tai kwa jumla, na tai wengi wana mikia yao kamili. Jina lilitangulia, mkia mfupi ukaja baadaye kwa Washona.

Huko Zimbabwe ndege huyu ana sanamu. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu palipatikana ndege wanane waliochongwa katika jiwe laini la sabuni, wamesimama juu ya nguzo. Wapo wanaosema ni chapungu; wapo wanaosema ni hungwe, yaani furukombe. Mmoja aliishia katika nyumba ya Cecil Rhodes kule Cape Town. Wengine walirudishwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1981, na kipande cha nguzo ya mwingine kikarudi kutoka Ujerumani mwaka 2003. Ndege wa jiwe hupepea leo katika bendera ya nchi hiyo. Mji huo na pwani ya Waswahili vilikuwa na hesabu pamoja: dhahabu yake ilishuka Sofala, ikapanda vyombo kwenda Kilwa, na sarafu ya sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, iliokotwa Zimbabwe Kuu. Mfanyabiashara wa Kilwa aliyekutana na wachimbaji wa bara angehitaji mkalimani wa bei na vipimo. Wakiinua macho na kumwona yule tai mweusi akiyumba, mkalimani asingehitajika sana.

Na kozi halisi, yule wa manyoya, ana njia yake ya kuunganisha nchi hizi. Yupo kozi mmoja mwenye rangi ya moshi, Falco concolor kwa wanasayansi, anayezalia katika visiwa vya Oman, kikiwemo kisiwa cha Fahal kilicho karibu na Muscat. Hutaga katikati ya kiangazi chenye joto kali, wakati ndege wengine wameshamaliza, ili makinda yake yaanguliwe pale ndege wadogo wanapohama kutoka kaskazini kwa makundi. Hapo chakula hupita mlangoni. Kisha naye hufunga safari, hupitia Afrika Mashariki, na kwenda kupisha majira ya baridi Madagaska. Manahodha wa zamani walingojea kaskazi ili washuke na majahazi. Kozi huyu amekuwa akishuka upande huohuo bila tanga.

Karibu majina yote haya ya ndege wa makucha yaliwahi kuitwa mahali pamoja, na walioyaita walikuwa watafsiri. Sura ya 11 ya Walawi ina orodha ya ndege walioharamishwa kwa Waisraeli, majina ya Kiebrania ambayo mengine hata wanazuoni hawakubaliani kuhusu maana yake. Waliotayarisha Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, iliwabidi wafagie msamiati wote wa pwani ili majina yatoshe: tai, furukombe, kipungu, mwewe, kozi, kipanga, bundi. Kwa msomaji wa Kiswahili ni kama gwaride la watuhumiwa wa nyuma ya jiko. Msikitini nako hukumu iko karibu na hiyo, kwa kuwa fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na wengi pwani, humkataza mtu kula ndege anayewinda kwa makucha.

Mzigo mkubwa zaidi wa tafsiri ulimwangukia tai. Kiebrania kina nesher, ambaye ndani ya Biblia mara ni mfano wa nguvu zinazofanywa upya, mara ni mla mizoga. Tai wa Kiswahili ameweza kuzibeba kazi zote mbili. Katika Isaya sura ya 40 wanaomngojea Bwana hupanda juu kwa mbawa kama zake. Katika Mathayo sura ya 24 ndiye anayekusanyika kwenye mzoga. Msomaji wa mjini, aliyemzoea tai wa nembo na wa sarafu za kigeni, husita kidogo hapo kwenye mzoga. Mchungaji wa ng'ombe hasiti. Ameona tai na tumbusi wakigombea ubavu mmoja, na tai hakuonekana kuona aibu.

Kipanga ndiye aliyehamia mjini akapata kazi. Neno hili lina mizigo mingi: ni ndege mwepesi wa kuvizia vichakani, ni nzi mkubwa anayewauma ng'ombe na punda hadi damu ikatoka, na ni panga dogo pia. Kule Zanzibar ni jina la klabu ya soka. Katika shule za Tanzania, kipanga ni mwanafunzi anayeongoza darasa, yule ambaye mwalimu akiandika swali ubaoni wenzake humgeukia yeye. "Huyo kipanga" husemwa kwa heshima yenye wivu ndani yake. Wanafunzi waliolipachika jina hilo hawakufungua kamusi, lakini wamemwelewa ndege kwa makini: hupiga kelele kidogo, huona mapema, na akishuka hakosi.

Wanasayansi nao wamelazimika kupanga upya majina yao. Kwa karne mbili waliwaweka tai, mwewe na kozi katika kapu moja, kwa kuwa wote wana midomo ya kupinda na makucha ya kukamatia. Mwaka 2008 utafiti mkubwa wa vinasaba vya ndege ukaonyesha kwamba kozi hana udugu wa karibu na tai wala mwewe. Jamaa zake wa karibu ni kasuku, na pamoja nao ndege wadogo waimbaji wa bustanini. Makucha na mdomo vilikuja kwa kila upande kwa njia yake, kama wavuvi wawili wasiojuana wanaobuni ndoana ileile. Raptor, jawarih na mbuai ni majina ya kazi, basi, kama seremala au dereva, na hayaelezi ukoo wa mtu. Lugha iliyowaita kozi, mwewe na pungu bila kuwatia kapuni haikuwa na cha kusahihisha.

Pungu mwenyewe, yule mweusi wa mkia mfupi, sasa anaadimika. Hula mizoga pamoja na mawindo yake, na kwa kuwa huruka chini na kuona mbali, huwa miongoni mwa wa kwanza kufika penye nyama iliyotiwa sumu ya kuulia simba na fisi. Mwaka 2020 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Mtu anayeishi mjini humwona hifadhini, kama vile Serengeti au Tsavo, na mwongoza watalii humtaja kwa jina la Levaillant.

Jina lake, hata hivyo, lina makazi mengine, chini ya maji. Wavuvi wa pwani wana taa mkubwa mwenye mapezi mapana yaliyochongoka, ambaye haogelei kama samaki wengine: huyapiga mapezi juu na chini, taratibu, kama anaruka. Akipatikana katika jarife hulazwa mchangani kifudifudi, mapezi yamekunjuliwa, mkia mrefu umekatwa kwa sababu ya mwiba wake. Watoto humzunguka na kumpima kwa hatua. Wakiuliza ni nini, huambiwa ni pungu.